Kishindo Tumboni mwa Yangeyange

Tulimwacha Felista chini ya ngazi ya meli, kiganja juu ya komeo, kuni zimemwagika miguuni. Alikuwa ametoka asubuhi kuokota kuni, akarudi akakuta mlango wa chumba cha injini uko wazi, na yeye aliuacha umefungwa. Hakuuliza mtu. Aliuvuta, akapiga komeo. Ndipo kikaja kile kishindo kutoka tumboni mwa meli.

Kikaja tena. Du, du, du, kama mgeni mwenye adabu zake.

"Nani?" akauliza.

"Shemeji, ni mimi. Fungua."

Alikuwa Boazi, mdogo wa mume wake.

Wewe uliyeingia leo, ambaye hukuwapo tulikotoka, nakutegea hiki. Nyumba ya kusafiri imekaa kitako, mkaaji wake hasafiri, na aliyesafiri hana nyumba. Umeshindwa? Haya, nipe mji, nikufumbulie upesi kabla Boazi hajang'oa mlango.

Nyumba ni Yangeyange, ile meli nyeupe iliyokuwa ikiwatembeza wazungu wa Mbeya katika Ziwa Rukwa, watazame viboko, wale kuku wa kukaanga chini ya turubai, warudi wamebabuka na jua. Vita ilipoanza, matembezi yakasimamishwa. Zile meli kubwa za matembezi za baharini hazikukosa kazi. Zilipakwa rangi ya majivu zikajazwa askari. Kefa, mume wa Felista, alikwenda Burma ndani ya mojawapo. Askari mmoja aliyerudi alisimulia kwamba walilala katika ukumbi wa dansi, wamening'inia kwenye machela kama popo, na ukutani bado kuna picha za wanawake wenye miavuli. Lakini kimeli cha ziwa la bara, nani wa kukihitaji? Yangeyange iliingizwa kwenye kijito kitokacho Mto Momba, chini ya Kamsamba, ikafungwa kwenye mgunga kama mbuzi, ikaachwa.

Ziwa nalo likarudi nyuma, likaikimbia. Kefa, ambaye ndiye aliyekuwa mlinzi wake, akajenga tuta kuzuia maji ya kijito, meli ipate pa kuelea, na majaruba ya mpunga ya baba yake, yaliyo chini ya tuta, yakakosa maji. Na siku ya kwenda vitani alisimama mbele ya baba yake na wazee wa kanisa, akatamka: maadamu Yangeyange inaelea, mtu asinyoe nywele kwa ajili yangu, wala mke wangu asirithiwe. Wazee wakaitikia amina, na Felista akahamia humo melini ailinde.

Vita imekwisha. Wenzake wamerudi na makoti yao ya jeshi. Kefa hajaonekana. Meli ikizama, Felista ni mjane, na wa kumrithi ndiye huyu huyu anayegonga mlango.

Sasa twende naye.

Felista alimwuliza shemeji yake ameingiaje humo ndani. Boazi akajibu kwamba ameingia kwa mlango, kama watu.

"Kitendawili," akasema Felista.

"Huu si wakati wa vitendawili."

"Sema tega, au nikapike."

Akasikia mtu akitema mate huko ndani. "Tega."

"Aliingia bila hodi, anatoka kwa kuomba."

Kisha Boazi akasema, kwa sauti isiyo yake, kwamba humo ndani maji yanaingia.

Felista alicheka. Alimjua Boazi. Alishamjia na sukari, alishamjia na vitisho, alishamjia na maneno ya wazee, na mara moja alimjia na jino bovu akitaka ahurumiwe. Leo amekuja na maji. Akamwambia akae humo humo mpaka wazee wa kanisa waje waone alichokuja kuiba.

Aliinama kukusanya kuni zake. Kijiti kimoja kikamtoka mkononi, kikaanguka sakafuni. Hakikutulia. Kilibingirika chenyewe polepole mpaka kikagonga ukuta wa kushoto.

Felista alikitazama. Akachukua kingine, akakiweka sakafuni. Nacho kikaenda.

Meli ilikuwa inainama.

Alipiga magoti, akabandika sikio kwenye bati la mlango. Aliyosikia hayakuwa matone. Ulikuwa mfereji.

"Umefanya nini, Boazi?"

Akaeleza kwa haraka, maneno yakipandiana. Alikuja na spana kulifungua lile tundu la chini ambalo injini hunywea maji. Alitaka alifungue kidogo tu, akimbie, na kufikia mchana meli iwe imekaa topeni, Jumapili watu wanyolewe, mambo yaishe. Ila alipokuwa ameinama mlango ukafungwa nyuma yake. Aliruka kwa hofu. Spana na kifuniko vikamponyoka, vikazama chini ya injini, na kule chini hakuna mwanga.

Felista aliondoa komeo, akasukuma mlango. Haukwenda. Mlango ule hufungukia ndani, na maji yaliyomo ndani yalikuwa yameshauegemea. Akasukuma kwa bega, Boazi akavuta kwa ndani. Ulikuwa kama kusukuma kilima cha Ileje.

Akapanda ngazi mbio.

Huko nje, kwenye ukingo, Mzee Mbonile alikuwa ameshafika na kigoda chake na blanketi lake.

Ni lazima mmjue mzee huyu. Ni baba wa Kefa na wa Boazi, Mndali wa milima ya Ileje aliyeteremka na familia yake kufuata mpunga wa Kamsamba. Aliteremka na mwiko wao pia. Kwao, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Mwanamke akisikia kikohozi cha mkwe wake huacha njia, huchutama majanini, nguo kichwani, mpaka mzee apite. Naye mzee hugeuza uso. Tangu siku ya harusi Felista hakuwahi kuuona uso wa Mbonile, wala Mbonile wa kwake.

Wanamwanga wa Kamsamba huucheka mwiko huo. Lakini Mbonile aliugeuza kuwa silaha. Wiki nzima hiyo alikuwa akija asubuhi, anaweka kigoda chake pale unapoanzia ubao wa kushukia, anakaa. Basi. Ubao ni mmoja, mkwe yuko mlangoni, Felista ashuke apite wapi? Alikaa juu bila kuni na bila mboga mpaka mzee apate njaa aende zake. Leo mzee alikuwa amechelewa makusudi, ili Felista ashuke na Boazi apande.

Ila silaha hiyo ilikuwa na makali huku na huku. Maadamu Felista yuko juu ya meli, Mbonile naye hawezi kuikanyaga.

Kwa hiyo mzee alimtafuta mtu wa kuwa mdomo wake. Huyo ni jirani yao Anania, Mnamwanga mcheshi aliyeanguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akavunjika mkono. Mkono umefungwa vijiti, hana kazi, ana maneno tu.

Felista alijificha nyuma ya bomba la moshi, kaniki usoni. "Anania, mwambie mzee kuwa mwanawe yuko chini. Amefungua tundu. Maji yanamjaa na mlango haufunguki."

Anania alimgeukia mzee, ambaye alikuwa hatua moja tu kutoka kwake na masikio yake yote mazima. "Anasema mwanao anaoga."

"Mwambie amfungulie," akasema Mbonile, akiutazama mgunga.

"Anasema mfungulie."

Kabla Felista hajajibu, kioo kilipasuka. Ubavuni mwa meli kulikuwa na dirisha la duara, dogo kama sahani, na siku zote lilikaa juu ya maji kiasi cha urefu wa mkono wa mtu. Leo maji yalikuwa karibu kulifikia. Boazi alikuwa amelivunja kwa chuma. Mabega hayawezi kupita pale. Kilichotokeza ni sikio, kisha jicho, kisha mdomo.

"Baba," ukasema ule mdomo, "nitakufa humu."

Mzee Mbonile aliinuka. Na hapa, wenzangu, mtu angetegemea aseme neno la mzazi. Alichofanya ni kuvua shuka yake nyeupe begani na kuikunjua. Mbali kwenye kona ya kijito, juu ya tuta, walikuwa wamekaa wanaume na majembe yao tangu alfajiri, wakiingoja shuka hiyo ipepee.

"Anania, mwambie huyo mtu wa juu kwamba dawa ni moja. Tunakata tuta. Maji yanashuka, meli inakaa, mlango unafunguka, mwanangu anatoka."

"Nimesikia," akasema Felista bila kumngoja Anania. "Mwambie bwawa hili ni pana. Kabla halijashuka shubiri, hilo dirisha litakuwa limezama na mwanawe nyuma yake. Dawa ni pampu. Na pampu inataka watu wawili."

Ni kweli ilitaka wawili. Pampu ya Yangeyange ilikuwa juu ya sitaha, chuma kirefu kama pembea, huyu akishuka yule anapanda. Maji yakiwa kidogo Felista alikuwa akifunga gunia la mchanga upande wa pili na kujikongoja peke yake. Leo gunia lisingetosha. Na waliotengeneza pampu ile hawakuwa watu wa Ileje, maana waliiweka ili wanaopiga pampu watazamane uso kwa uso.

Anania alijikuna juu ya vijiti vyake. "Mzee, hili nalisema polepole. Anataka mtu wa pili. Mimi nina mkono mmoja. Wale wa tuta wako mbali. Aliyebaki ni wewe."

Mbonile akasema kwamba hajawahi kuona mzee wa Kindali aliyekaa uso kwa uso na mke wa mwanawe, na hataki kuwa wa kwanza, watoto waje wamwimbe.

"Baba, panda," ukasema mdomo wa dirishani.

"Tulia. Tuta linakatwa."

"Maji yako kifuani."

"Majaruba yatapata maji na wewe utatoka. Vyote kwa pamoja."

Akainua shuka.

Felista aliona vitu viwili kwa wakati mmoja. Aliiona shuka ikipanda, na aliuona mwaka wake ujao, tuta limebomoka, meli imelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa, wazee wakinoa wembe, na yeye anapelekwa mlangoni kwa Boazi na mkeka wake kichwani. Akaivua kaniki usoni. Akatoka nyuma ya bomba la moshi, akashuka kwenye ubao, uso wazi, macho wazi, anamwendea mkwe wake moja kwa moja.

Mzee Mbonile alisikia nyayo, akageuka, akaona miguu ya mwanamke. Alijifunika macho kwa viganja. Akarudi nyuma, akarudi tena, akakikuta kigoda chake, akaenda chini matakoni katika tope. Shuka ikamtoka. Felista aliiokota bila neno, akajifunga kiunoni, akarudi juu.

Anania alicheka mpaka mkono uliovunjika ukamuuma, akalia huku anacheka. "Nyinyi watu wa milimani," akasema, "mnafukuzana kwa sura?"

Lakini pale dirishani hakukuwa na kicheko. Maji yalilamba ukingo wa duara, yakaonja, yakaanza kuingia. Boazi alikuwa ameacha kupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Felista zaidi. Alisema neno moja tu, taratibu, kama mtu anayejisemea.

"Kwa hiyo kati yangu na mpunga, baba, umechagua mpunga."

Mzee alikaa topeni. Kisha akainuka. Alijitanda blanketi lake kichwani mpaka kidevuni, akaupanda ubao kwa kupapasa kwa nyayo, Anania akimwelekeza kutoka chini: kushoto mzee, huko ni majini mzee, inua mguu. Alipofika juu akasema, akiuambia upepo, kwamba hashiki chuma chochote mpaka kitu kitundikwe katikati.

Felista alilivuta lile turubai la wazungu, akalitundika juu ya pampu kama pazia. Yeye huku, mzee kule. Walichoonana ni vidole.

Wakaanza. Huyu anashuka, yule anapanda. Pampu ilikoroma, ikatema kutu, ikatema tope, kisha ikatema maji mekundu kwa fujo.

Hapakuwa na Anania katikati sasa. Maneno ya kwanza ambayo Mbonile alimwambia mkamwana wake tangu aolewe na mwanawe yalikuwa haya:

"Vuta, usibembeleze."

"Navuta."

"Una mikono ya mtu. Ungelima mpunga kwa mikono hii, badala ya kulea chuma."

"Na wewe una sauti ya mtu, na ndiyo uliyotumia kumtuma mtoto wako aje na spana."

Chuma kikapanda, kikashuka. Mzee alihema. Aliuambia ule upande wa turubai kwamba mwanamke wa kuzungumza hivyo na mkwe wake, zamani angerudishwa kwao na mbuzi wa aibu. Felista akajibu kwamba mbuzi wamekufa kwa kiu kwa ajili ya tuta, si ndivyo anavyowaambia watu, basi amrudishe na nini?

Turubai lile lilikuwa limekaa juani miaka yote ya meli kutofanya kazi. Lilikuwa limeoza kama jani la mgomba. Mzee alivuta kwa hasira, Felista akavuta kwa hasira zaidi, pindo likanasa kwenye chuma, na turubai likachanika kutoka juu mpaka chini. Blanketi la mzee likaenda nalo.

Wakatazamana.

Mikono yao ilisimama. Felista aliona mzee mdogo kuliko sauti yake, mwenye kovu kwenye kidevu na kope za Kefa. Kope zile zile, nzito, za mtu anayetaka kulala. Sijui mzee aliona nini. Mdomo ulimtetema.

Huko chini Boazi akapiga bati.

Wakaendelea kuvuta, macho wazi, kila mmoja akimtazama mwenziwe kama anavyotazama shimo la nyoka. Dirisha likatoka majini kidogo. Likatoka tena. Ndipo Felista alipofunga gunia la mchanga upande wake, akamwachia mzee, akashuka ngazi, akatupa bega kwenye mlango. Ukasogea. Akatupa tena. Mlango ukakubali, maji yakamzoa miguu, na Boazi akamwangukia kama mzigo wa mihogo, midomo imekuwa ya bluu.

Hakumpa nafasi ya kushukuru. Alilileta blanketi la mzee, akamwambia arudi alikotoka, aliyefungua ndiye azibe. Boazi alizama, akatoka, akazama tena, akalishindilia blanketi tunduni kwa kisigino mpaka mfereji ukawa uzi. Yangeyange ilikuwa imeinama kama mlevi aliyeegemea ukuta. Ila ilikuwa inaelea.

Wote watatu wakajikuta juu ya sitaha. Anania yuko ukingoni, shingo imerefuka.

Mngedhani Mzee Mbonile angelainika. Alikuwa ameshageuka, mgongo kwa mkamwana wake. Aliita kwa sauti: "Anania. Mwambie huyo mwanamke kwamba kesho nakuja na wazee. Meli imeingia maji, imezama nusu, kila mtu ameona. Kiapo kimekwisha. Jumapili ananyolewa."

Anania, kwa mara ya kwanza, hakurudia alichotumwa.

Aliyezungumza ni Boazi. Alikuwa amekaa chini, anatapika maji, na katikati ya kutapika akaanza kucheka kicheko kibaya.

"Mwambie alipo Kefa, baba."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza sana. Nilikaa humo ndani maji yakiwa shingoni, nakusikia unapima majaruba. Mwambie, au nimwambie mimi."

Felista alishika ukingo wa meli. Mzee hakugeuka. Basi Boazi akasema.

Kefa yuko hai. Yuko Tunduma. Walipokwenda huko na mkokoteni wa mpunga, walimkuta sokoni anashuka kwenye lori, anachechemea, mfuko wa jeshi begani, anatafuta mtu wa kumpa njia ya Kamsamba. Mzee alimwamuru Boazi ajifiche nyuma ya magunia asionekane. Mwenyewe akamwendea mwanawe, akamkumbatia, akalia naye. Kefa akauliza habari za mkewe.

"Na akamjibu nini?" akauliza Felista.

Boazi alimwonyesha baba yake kwa kidole. "Alimwambia: nimemwona kwa macho yangu, mlangoni kwa Boazi, amebeba mtoto wa Boazi."

Sasa niwaulize nyinyi: Kefa angekataaje? Mtoto wa Mndali anajua kwamba baba yake hamtazami mkamwana wake, na hata akimwona kwa bahati mbaya hatatamka, ataficha kama kidonda. Mzee wa namna hiyo akisimama sokoni akasema nimemwona kwa macho yangu, ni nani atakayedhani anadanganya? Kefa hakuuliza swali la pili. Hakuja Kamsamba kuhakikisha. Alikwenda kujiandikisha kwa watu wa migodi ya Rodesia, na lori lao linavuka mpaka Jumamosi asubuhi.

Leo ni Alhamisi.

Felista alimzunguka mzee mpaka akasimama mbele yake. Mzee akafumba macho.

"Fumbua," akasema Felista. "Umeshaniona. Ni kweli hayo?"

Mbonile alifumbua. Ule mtetemo wa mdomo ulikuwa umekwisha, na kilichobaki ni mzee mkavu mwenye chuki. Alisema kwamba meli hiyo imekunywa maji ya majaruba yake tangu vita ianze. Alisema alimwomba Kefa alikate tuta, Kefa akamwapia mzungu badala ya kumsikiliza mzazi. Angerudi, ingeendelea kunywa mpaka yeye azikwe. "Nimepoteza mwana mmoja nikapata maji," akasema. "Wengine wamepoteza wana na hawakupata kitu."

Boazi aliangalia sitaha. Anania alivua kofia yake, sijui kwa nini.

Felista aliifungua ile shuka nyeupe kiunoni, akamtupia mzee miguuni. Mtu aliye hai hana haja ya meli ya kumshuhudia. Kata tuta lako, akamwambia, na kunywa mpaka utosheke. Akaushuka ubao bila kufunika kichwa.

Alikuwa ameshafika kwenye njia ya mchanga ndipo hesabu ilipomrudia. Kutoka Kamsamba hadi Tunduma ni kuvuka bonde lote lile la joto, kisha kupanda ukuta wa milima, kisha bado uende. Kwa miguu, Jumamosi ingemkuta hajafika hata mlimani. Mikokoteni ilikuwa shambani. Na hata angeota mabawa, angemtafuta Kefa nyumba gani? Tunduma ina watu wa kila namna, na wanaokwenda migodini hulala popote.

Nyuma yake matete yalivunjika. Boazi alitoka anasukuma baiskeli yake, aliyokuwa ameificha asubuhi ile alipokuja kuzamisha meli. Maji yalimchuruzika kwenye kaptura. Alisema Kefa analala Chapwa, hapo hapo Tunduma, kwa fundi cherehani mmoja, na nyumba hiyo yeye anaijua, alitumwa amfuate kaka yake nyuma nyuma mpaka mlangoni. Alisema wakikanyaga bila kulala, watafika kabla lori halijawashwa.

Kisha akaifuta keria kwa kiganja.

"Panda, shemeji."

Felista alimtazama. Jana mtu huyu alikuwa akimhesabia siku za kumfanya mke. Asubuhi ya leo amekuja na spana. Na kwa saa moja iliyopita ndiye pekee aliyesema kweli. Hapakuwa na baiskeli nyingine katika bonde zima, wala mtu mwingine aliyeujua mlango ule.

Kule kwenye kona jembe la kwanza lilipiga udongo, kisha la pili, kisha mengi. Yangeyange ikalia mbavu zake, ikaanza kwenda chini kwa upande. Mzee Mbonile alikuwa bado juu yake, shuka aliyokwisha kuipepea iko mkononi. Sasa hakumtafuta Anania wa kumsemea. Alimwita mkamwana wake mwenyewe, kwa sauti kubwa, akimtazama usoni.

"Panda, mkamwana. Panda uende. Mimi nilimwambia tu mwanangu kwamba uko na Boazi. Nenda naye basi, keria moja, vumbi moja, Kefa akakuone kwa macho yake."

Baiskeli ilikuwa inangoja. Jumamosi nayo ilikuwa inakuja.

Felista alikunja nguo yake magotini, akaketi.